Kufuata Maji ya Zaghouan hadi Karthago

Jumatatu: Zaghouan

Safari hii tumeipanga kwa kufuata maji: tunaanza yanakotoka, mlimani Zaghouan, na tutamalizia yalikokuwa yakipelekwa na mfereji wa Warumi, mji wa kale wa Karthago ufukweni. Wageni wengi wanaokuja Tunisia hwenda Karthago moja kwa moja. Huona magofu ya hamamu, wakapiga picha bahari ikiwa nyuma yao, kisha wakarudi hotelini bila kujiuliza hamamu kubwa kiasi kile ilijazwa kwa maji gani, ilhali mji wenyewe hauna mto. Mimi kazi yangu miaka yote imekuwa maji na mabomba mjini Mombasa, na swali hilo ndilo lililonitoa nyumbani.

Mwenyeji wangu ni mpwa wangu anayesoma Tunis. Ndiye mkalimani pia, kwa kuwa Kiarabu changu ni cha madrasa na Watunisia wana chao, cha kasi, kilichochanganyika na Kifaransa. Asubuhi tumepanda louage, yaani gari la abiria ambalo huondoka likijaa watu wanane, na kwa muda usiofika saa moja na nusu tukawa Zaghouan. Ni mwezi wa tano. Mji umepanda kwenye kiuno cha mlima, barabara zake nyembamba, na kila kona inanukia nisri, waridi la mwituni ambalo wenyeji hulikamua marashi yake. Ufundi huo unahesabiwa kuwa urithi wa Waislamu waliofukuzwa Hispania, ambao baadhi yao walikuja kuishi hapa karne ya 17. Tumenunua kaak warka, vikaki vya mviringo vyenye lozi ndani, tukavila tukipanda.

Mlima wa Zaghouan una kimo cha mita 1,295 na ni mwamba wa chokaa mtupu. Hapo ndipo siri ilipo. Mvua ikinyesha juu haitelemki yote kwa mabonde. Sehemu kubwa huzama kwenye nyufa za mwamba, ikakaa humo, ikatoka polepole chini kwenye chemchemi. Mlima wenyewe ni tangi. Warumi hawakulijenga tangi hilo, walilitambua, na mhandisi yeyote wa maji atakwambia kuwa kutambua chanzo kizuri ni nusu ya kazi.

Juu ya chemchemi walijenga hekalu. Ni uwanja wa nusu duara uliokumbatiwa na baraza ya nguzo, wenye vibweta kumi na viwili ukutani vilivyokuwa na sanamu, na katikati, mbele ya mwamba, chumba cha mungu wa mahali. Chini yake, kwa ngazi za pande mbili, kuna kidimbwi chenye umbo la tarakimu 8. Hapo maji yalitua kwanza, mchanga ukabaki chini, ndipo yakaingia mferejini. Vibweta leo ni vitupu na kidimbwi ni kikavu, maana maji ya mlima huu bado yanatumika na huchukuliwa kwa mabomba kabla hayajafika hapa. Nimesimama pale kwa muda mrefu nikitazama tundu la kutokea maji. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, watu hutazama mlima, wewe unatazama shimo."

Habari ya mwanzo wake ni hii. Karthago ya Hannibal ilibomolewa na Warumi mwaka 146 kabla ya Kristo. Karne moja baadaye Julius Caesar na Augusto wakaanzisha mji mpya palepale, ukakua hadi ukawa mmoja wa miji mikubwa kabisa ya dola upande wa magharibi. Muda wote huo watu waliishi kwa maji ya mvua: kila nyumba ilikuwa na birika lake chini ya ua, desturi iliyoanzia kwa Wafoinike, waanzilishi wa Karthago ya kwanza. Mvua ikikosekana, hakuna maji. Mwaka 128 Kaizari Hadrian alizuru jimbo la Afrika, na mwandishi mmoja wa kale wa maisha yake anasimulia kuwa mvua ilikuwa haijanyesha kwa miaka mitano, ikanyesha alipowasili, na Waafrika wakampenda kwa sababu hiyo. Mapokeo yanauhesabu mfereji wa Zaghouan kuwa kazi iliyoanza kutokana na ziara hiyo.

Kwa mtu wa Mombasa hesabu hii si ngeni. Sisi nasi tuko ufukweni, tumezungukwa na maji ya chumvi, na sehemu ya maji matamu tunaletewa na bomba la kilomita 220 hivi kutoka chemchemi za Mzima, bara huko, ambazo nazo hutokana na mvua iliyozama kwenye miamba ya vilima vya Chyulu. Bomba hilo ni la miaka ya 1950. Nimelifahamu tangu ujana wangu, nami najua ugumu wa kuitunza njia ya maji ambayo mwanzo wake na mwisho wake haviwezi kuonana.

Jumanne: Moghrane, bonde la Miliane na Oudhna

Leo tumekodi teksi ya siku nzima, na dereva, mzee wa makamo anayezijua njia zote za mashamba, amefurahi kupata abiria wasiotaka kupelekwa Hammamet.

Kutoka Zaghouan hadi Karthago kwa mstari ulionyooka ni zaidi kidogo ya kilomita 50. Mfereji wenyewe unakaribia kilomita 90, na ukijumlisha tawi la chemchemi ya Djouggar, lililoongezwa baadaye kutoka milima ya kusini-magharibi, urefu wote unafika kilomita 132. Ni mmoja wa mirefu kabisa iliyojengwa katika dola nzima ya Roma. Matawi mawili yalikutana Moghrane, kijiji cha mizeituni na ngano.

Hapo Moghrane ndipo nilipoona kile ambacho picha za watalii hazikionyeshi. Mtu akisikia mfereji wa Kirumi huwaza matao. Lakini matao ni ya pale tu ardhi inaposhuka. Kwingine kote mfereji hulala chini ya ardhi au juu yake kidogo tu, umejengwa kwa mawe na kuezekwa kwa kuba. Unapita mashambani kama tuta refu la mawe, mara unaonekana, mara unazama. Kila baada ya masafa kuna shimo la mviringo la kushukia fundi wa kusafisha. Tumepata mahali kuba lilipoanguka, nikachungulia: ndani mtu anaweza kupita akiinama kidogo. Kuta na sakafu zimepakwa chokaa iliyochanganywa na vigae na vyungu vilivyopondwa, lipu ya rangi ya waridi isiyopitisha maji. Nimeipitishia kidole. Baada ya karne 19 bado ni ngumu na laini, na kwenye pembe za chini fundi aliiviringa ili uchafu usijibanze. Mtu aliyefanya vile alikuwa amewahi kushika ufagio ndani ya mfereji.

Hapakuwa na pampu. Kilichosukuma maji ni mteremko tu, na mteremko lazima uwe wa kadiri. Ukizidi, maji hukimbia na kula lipu. Ukipungua, husimama na kuacha tope. Vitruvius, mhandisi wa Kirumi, ameeleza chombo chao cha kupimia, meza ya mbao yenye urefu wa futi 20 iliyochongwa kijifereji juu yake. Maji yakitulia sawa ndani ya kijifereji, meza imelala sawa. Kwa chombo hicho na kamba na subira walizunguka vilima vyote hivi.

Wakati mwingine kazi iliharibika, na tunajua kwa sababu fundi mmoja alituachia ushahidi wake juu ya jiwe. Nonius Datus alikuwa mpimaji wa jeshi la Roma katika nchi ambayo leo ni Algeria, karne hiyo hiyo ya pili. Aliuchorea mji wa Saldae, ambao sasa ni Béjaïa, ramani ya handaki la kupitisha maji mlimani, vikundi viwili vikaanza kuchimba kutoka pande mbili, naye akaondoka. Akaitwa tena kwa haraka. Njiani akavamiwa na majambazi, akaponea chupuchupu akiwa uchi na majeraha. Alipofika akakuta kila upande umepinda kulia kwake, na jumla ya urefu uliochimbwa imeuzidi unene wa mlima wenyewe. Alirekebisha, maji yakapita. Juu ya maandishi hayo walichongwa wanawake watatu: Subira, Ushujaa na Tumaini. Ningependa jiwe hilo liwekwe picha yake katika kila chuo cha ufundi.

Mchana tumefika Miliane. Sina namna ya kulipunguza neno: ni kitu kikubwa. Bonde ni pana, na mfereji hauwezi kushuka nalo, kwa hiyo waliuinua angani. Nguzo zinafuatana uwandani kilomita baada ya kilomita, baadhi zikikaribia mita 20, nyingine zimeanguka na kulala palepale zikiwa nzima, mfereji bado umeshikamana na mgongo wa tao lililovunjika. Katikati ya nguzo wakulima wamepanda ngano. Kondoo wanafuata kivuli cha nguzo, wakisogea jua linaposogea.

Tumetembea chini yake zaidi ya saa mbili, na hapo nikaanza kuona jambo ambalo limenishika mpaka sasa ninapoandika. Nguzo hazifanani. Zilizo za Kirumi zina mawe makubwa ya kuchongwa yaliyopangwa safu kwa safu, na ndani yake kokoto na chokaa. Kisha zinafuata nguzo ambazo kuanzia mahali fulani si mawe tena, ni udongo uliochanganywa na chokaa na kushindiliwa katikati ya mbao. Alama za mbao bado zinaonekana ubavuni. Hizo ni za masultani wa Hafs, ukoo uliotawala Tunis zama za kati. Al-Mustansir, aliyetawala Tunis kuanzia 1249 hadi 1277, alikuta mfereji umekufa, akaufufua, akauongezea tawi la kwenda Tunis na kwenye bustani yake ya Abu Fihr. Kwa hiyo mtu anaposema mfereji wa Hadrian, amesema nusu. Kinachoonekana Miliane ni mkono wa mtu wa karne ya 2 na mkono wa mtu wa karne ya 13 katika nguzo moja, na huyu wa pili alifanya kwa udongo kwa kuwa ndio ujenzi aliokuwa nao, na maji yalipita juu ya udongo wake vilevile.

Oudhna, mji wa Uthina wa kale, uko karibu. Augusto aliwapa ardhi hapa askari wastaafu. Kuna uwanja mkubwa wa michezo na hekalu juu ya kilima, na mabirika mengi. Jua lilikuwa kali, na baada ya Miliane macho yangu yalikuwa yameshashiba.

Jumatano: Mohammedia na Tunis

Mohammedia ni kitongoji cha kusini mwa Tunis, na matao yanakwenda sambamba na barabara kuu. Malori yanapita upande mmoja, nyumba mpya za matofali zinazidi kusogea upande wa pili. Mpwa wangu anasema yeye hupita hapa kila anapokwenda kwa rafiki zake na hakuwahi kushuka.

Hapa kuna mkono wa tatu. Mwaka 1859 serikali ya Muhammad as-Sadiq Bey, mtawala wa Tunisia, ilimpa mhandisi Mfaransa, Pierre Colin, kazi ya kuyarudisha maji ya Zaghouan na Djouggar mjini Tunis. Sehemu za mfereji wa chini ya ardhi zilisafishwa zikatumika tena; kwenye mabonde, badala ya kuyainua matao yaliyoanguka, waliweka mabomba. Kiufundi ni uamuzi wa busara, ningefanya hivyohivyo. Lakini kazi ililipwa kwa fedha ambazo hazikuwapo. Ulikuwa mmoja wa miradi iliyoongeza deni la nchi, deni lililoileta tume ya kigeni ya fedha mwaka 1869 na, mwaka 1881, jeshi la Ufaransa. Sisi wa Afrika Mashariki ambao miradi yetu ya maji hujengwa kwa mikopo tuna haki ya kuisoma habari hii kwa makini.

Jioni, kwenye barabara ya Bourguiba, tumepita kwenye sanamu ya Ibn Khaldun, mwanahistoria na mwana wa Tunis aliyezaliwa mwaka 1332. Yeye aliyaona matao ya Karthago yakibomolewa. Anaandika kwamba watu wa Tunis wakihitaji mawe ya kujengea, na mafundi wakiyapenda mawe ya matao, hushinda siku nyingi wakijaribu kuyaangusha, na hata kipande kidogo cha ukuta hakianguki ila kwa jasho jingi. Watu hukusanyika kutazama, naye mwenyewe aliona mikusanyiko hiyo mingi utotoni. Kisha anatoa hoja ninayoipenda. Watu wa kawaida, anasema, huona majengo makubwa ya kale wakadhani waliojenga walikuwa majitu. Si kweli. Walikuwa watu wa kimo chetu, ila walikuwa na dola yenye nguvu ya kukusanya wafanyakazi wengi, na mitambo ya kunyanyulia. Miaka mia sita na zaidi imepita na bado nasikia watu wakidai kuwa majumba ya kale ya Afrika yalijengwa na viumbe wasiojulikana.

Alhamisi: Karthago

Treni ya TGM inavuka ziwa la Tunis na kufuata pwani. Tumeshuka Karthago tukapanda kwa miguu hadi La Malga, mahali ambapo mfereji ulimwaga maji yake.

Ni mabirika marefu yenye paa la kuba, yamepangwa bega kwa bega, kila moja likikaribia urefu wa mita 100. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliyahesabu 24. Leo yanayoonekana ni 15. Karne ya 19 familia za wakulima ziliishi ndani yake pamoja na mifugo. Hakuna foleni ya watalii hapa, na tumeyazunguka tukiwa peke yetu na paka wawili.

Wataalamu wanakadiria kuwa mfereji ulileta kama lita 370 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 32,000 hivi kwa siku, na kwamba mabirika yote ya La Malga yaliweza kubeba zaidi ya 50,000. Nimekaa juu ya kuba nikafanya hesabu hiyo kwa kalamu, nikamwonyesha mpwa wangu. Mabirika makubwa hivi hujaa kwa chini ya siku mbili. Maana yake hayakujengwa ili kuweka akiba ya mwaka wa ukame. Kazi yake ni kupokea maji ya usiku, wakati mji umelala na mfereji unaendelea kutiririka, ili yatumike mchana hamamu zinapowaka. Pia yalimpa fundi nafasi ya kuufunga mfereji siku moja au mbili akautengeneze bila mji kukauka. Aliyepanga hivyo alijua kuwa mfereji utaharibika, akaweka muda wa kuutengeneza ndani ya ujenzi wenyewe.

Kwa uharibifu mkubwa zaidi, hata mabirika hayakutosha. Wavandali, kabila la Kijerumani kutoka Ulaya, waliuteka mji mwaka 439. Mwaka 533 jenerali Belisarius wa Konstantinopoli aliutwaa, na Gelimer, mfalme wa Wavandali, akarudi kuuzingira. Jambo la kwanza alilofanya, kwa masimulizi ya mwanahistoria Procopius aliyekuwapo, ni kukata mfereji. Alishindwa vitani mwezi Desemba mwaka huohuo. Na mwaka 1270 Louis wa 9, mfalme wa Ufaransa, alitua papa hapa kumpiga al-Mustansir, yule yule wa nguzo za udongo. Akapiga kambi juu ya magofu katikati ya kiangazi, jeshi kubwa bila maji mazuri. Kuhara kukaingia kambini, na tarehe 25 Agosti mfalme mwenyewe akafa.

Tumeteremka hadi hamamu za Antoninus, zilizomalizika katikati ya karne ya 2, kubwa kupita zote za Kirumi barani Afrika. Kilichobaki ni vyumba vya chini, vya tanuri na watumwa, na nguzo moja ambayo wataalamu wameisimamisha tena ili mgeni apate kukisia kimo cha ukumbi. Nimekisia, na nimeelewa kwa nini mlima mzima ulihitajika. Niseme pia ninavyoamini: maji mengi kiasi hiki hayakuletwa kwa ajili ya kiu. Visima na mabirika ya nyumbani yangemnywesha mtu. Mfereji ulikuja ili watu waoge pamoja katika marumaru, na wanakijiji waliokuwa kando ya tuta la Moghrane walisikia maji yakipita chini ya miguu yao kwenda huko.

Tukirudi, mpwa wangu amenihadithia mwaka 2023, baada ya miaka kadhaa ya ukame, serikali ilipoweka mgao na bomba zikafungwa usiku. Mwenye nyumba wake, mama mtu mzima, alijaza madumu kila jioni akiyapanga kwenye ngazi. Mfumo wote wa Zaghouan na Karthago uko kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2012, lakini nguzo za Miliane hazina uzio wala fundi anayeonekana.

Ijumaa: Zaytuna

Hassan ibn al-Nu'man, jemadari wa Waarabu, alipoitwaa Karthago mwaka 698, mji ulihamia Tunis, na mawe yakaufuata. Nguzo za ndani ya msikiti wa Zaytuna nyingi zilitolewa kwenye magofu tuliyoyatembelea jana: rangi tofauti, vichwa tofauti, zimesawazishwa kwa vipande vya mawe chini. Tawi la mfereji lililojengwa na al-Mustansir lilifika msikitini hapa, na waumini wa karne ya 13 walitawadha kwa maji ya mlima wa Zaghouan. Tumeswali Ijumaa katika safu ya nyuma, kisha mpwa wangu akanisindikiza uwanja wa ndege, mkobani nikiwa na chupa mbili za maji ya nisri za kumpelekea mama yake.